Dereva wa Posa Yangu Mwenyewe

Wadau, leo nimevuliwa nguo ukweni. (Si nguo hasa. Suti bado ninayo, imelala kwenye beseni la sabuni ya unga, na mama mwenye nyumba ameiangalia akanishauri niitupe.)

Naandika mapema kabla Shangazi Perisi hajaiweka habari hii kwenye grupu la ukoo, maana yeye ataanzia katikati. Mimi naanzia mwanzo, na sitaficha kitu, kwa sababu waliokuwepo ni wengi mno.

Mnaijua ile pikapu yangu. Mwezi uliopita niliinyanyua inchi nne. Springi mpya, shokapu ndefu za kutuliza mdundo, matairi makubwa. Kazi nilifanya mwenyewe uani, hapa hapa Nkuhungu. Fundi Manase wa Area D alikuja tu kunichomelea vishikio vya shokapu. Alipomaliza akachuchumaa, akachungulia kule nyuma, akaniuliza, "Na stopa je?"

Kwa wasiojua, stopa ni zile raba nene zinazokaa chini ya chesesi, yaani fremu ya gari, juu kidogo ya ekseli, ule mtaimbo wa magurudumu. Gari likididimia sana, ekseli inakwenda kugota kwenye raba. Kazi yake ni kuizuia shokapu isifike mwisho wa safari yake, kwa sababu shokapu ikifika mwisho ni chuma kwa chuma, na hapo lazima kimoja kikubali kuvunjika. Ukinyanyua gari na kuweka shokapu ndefu, stopa nazo unazishusha ziwahi kuipokea ekseli. Ndivyo alivyoniambia Fundi Manase. Akaongeza, "Halafu ulipime likiwa na mzigo."

Nikamwambia stopa zikishushwa zinabana gari, halichezi vizuri porini. (Porini kwenyewe nimekwenda mara mbili, na mara moja nilipotea tu.) Fundi Manase hakubishana. Alikusanya nyaya zake akaondoka.

Basi nikapima mwenyewe. Gari tupu, limesimama kwenye sakafu ya uani. Nikaweka ngumi kwenye fimbo ya shokapu, nikaona nafasi ya ngumi nzima imebaki. Nikapiga picha ya ngumi ile, nikaileta humu humu, na nyinyi mkanimiminia dole gumba kama mvua. Sitaki kumlaumu mtu, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya mzigo.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka barua ya posa kwa kina Neema, Mlali. Neema na mimi tuna miaka miwili pamoja. Baba yake, Mzee Yoramu, alikuwa hajawahi kuonana nami. Niliyoyajua juu yake ni haya: aliendesha malori mpaka akastaafu, ana binti mmoja tu, na barua ya jamaa aliyenitangulia aliirudisha siku ile ile, chai ikiwa bado ya moto. Neema mwenyewe alishaniambia kwamba baba yake akiirudisha na ya kwangu, yeye hatabishana naye. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima.

Kwa desturi yetu muoaji haendi kupeleka barua. Wanakwenda mshenga na wazee, yeye anabaki nyumbani akijifanya hana habari. Lakini mimi nilitaka Mzee Yoramu alione gari. Mtu ameishi kwenye malori, nikasema, huyu akiona kazi ya mikono yangu maneno yatakuwa mafupi. Kwa hiyo nikaenda kwa Mzee Shabani, mshenga wangu, nikamwomba niende kama dereva.

Mzee Shabani ni jirani yangu, anauza vitambaa mjini, na ulimi wake ungeweza kumuuzia mtu kanzu aliyoivaa.

"Ukienda, wewe ni dereva," akasema. "Huingii ndani. Husemi neno. Hakuna wa kukuita Lameki. Ukiulizwa muoaji yuko wapi, yuko kazini mjini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Na hiyo suti ya nini?"

"Dereva nadhifu, mzee."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kunawa mikono.

Saa mbili asubuhi tukaanza kupakia. Mbele mimi na Mzee Shabani. Nyuma, kwenye mabenchi, Shangazi Perisi, Baba Mdogo Elia, na ndugu wengine wanne. Katikati yao gunia la mchele, kreti sita za soda, ndoo mbili za zabibu na blanketi la bibi yake Neema. Shangazi Perisi alipandishwa kwa stuli na watu wawili wa kusukuma. Alipofika juu akakaa, akavuta pumzi, akaniuliza kama gari hili nililinunua kwa ajili ya watu au kwa ajili ya twiga.

Nyuma ilishuka tulipomaliza kupakia. Niliona kwa macho yangu. Nikajiambia, vizuri, sasa limetulia. (Mpimaji ardhi mwenye cheti ukutani. Ndiyo, naomba mkumbuke kazi yangu, itaulizwa mbele huko.)

Lami haikuwa na neno. Mbande tukakata kuelekea Kongwa, wazee wanapiga soga, Mzee Shabani anafanyia mazoezi hotuba yake kwa sauti ya chini. Baada ya Kongwa tukashika vumbi. Kwenye matuta madogo nikawa nasikia kitu nyuma kinagota, tok, tok. Nikaongeza sauti ya redio.

Kabla ya kufika kwa kina Neema kuna korongo. Kwa sasa ni kavu, mchanga mtupu, lakini linashuka ghafla na kupanda ghafla. Neema alinitumia ujumbe mapema: "Baba anasema pale korongoni mpite polepole." Niliusoma. Tatizo ni kwamba ukifika ukingo wa korongo, uwanja wa kwao unaonekana ng'ambo, na uwanjani kulikuwa na watu wamesimama wanatungoja. Nikataka gari liibuke. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo tangu Jumatano, gari linaibuka kutoka korongoni, pua juu, na Mzee Yoramu anaangalia.

Nikakanyaga mafuta.

Chini ya korongo gari zima lilididimia, halafu nyuma pakalia mlio mmoja mkubwa, wa nyundo kwenye reli. Shangazi Perisi akataja jina la Yesu mara moja tu, kwa utulivu. Kreti ya soda ikamfikia Baba Mdogo Elia miguuni. Mzee Shabani akanigeukia.

"Dereva, ni kawaida hiyo?"

"Kawaida, mzee."

Haikuwa kawaida. Shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa imefika mwisho, imekata kishikio chake cha juu, na sasa ilikuwa inaning'inia kwa chini. Tukaibuka kweli kutoka korongoni, ila gari halikuwa na kitu cha kulituliza upande ule. Likawa linadunda. Springi ikishuka inapanda, ikipanda inashuka. Nikaingia uwanjani tunadunda. Nikasimama, bado tunadunda. Wazee wote sita kule nyuma walikuwa wanatikisa vichwa juu chini, juu chini, kwa pamoja, wakiwa na nyuso za heshima kabisa. Ujumbe wa posa ulifika Mlali ukiwa umeshakubali kila kitu kabla haujaulizwa.

Vigelegele vilikuwa vimeanza. Vikakatika.

Mzee Yoramu alikuwa amesimama mbele ya mlango, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka juu. Hakumwangalia Mzee Shabani. Hakuniangalia mimi. Aliangalia gurudumu la nyuma kushoto mpaka gari lilipotulia, ndipo akasema, "Karibuni wageni."

Nikashuka na kumwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, dereva." Akaitazama suti yangu kuanzia kola mpaka viatu. "Bosi wako anakuvalisha vizuri."

Wakaingia ndani. Mimi nikabaki na gari, kama tulivyokubaliana. Nilitamani niingie chini kuangalia, lakini watoto wa jirani na wanawake watatu walikuwa wananitazama, na dereva wa kweli anayelijua gari lake hakimbilii kulala chini. Nikaegemea mlango nikajifanya napiga simu. Baada ya muda Mama Neema mwenyewe akaja na sahani, macho yake chini, akaniwekea juu ya stuli. Ugali wa uwele na mlenda. Harufu ya kuku ilikuwa inatoka dirishani. Nikala mlenda wangu nikiwa nimesimama.

Dirisha lilikuwa wazi na sauti ya Mzee Shabani haijui kunong'ona. Nikamsikia anaanza. Akasalimia ukoo, akaisifu njia, akaisifu nyumba. Halafu akanifikia mimi.

"Kijana wetu ni mtu wa vipimo," akasema. "Ardhi ya mji mzima ule anaipima yeye. Hakosei hata unyayo."

"Yuko wapi leo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Yoramu.

"Yuko kazini mjini. Ila gari mliyoiona hapo nje ni yake, ameituma ituwakilishe."

"Nani aliifunga namna ile?"

Nikaacha kutafuna. Nilimwomba Mungu amfanye Mzee Shabani aseme hajui. Lakini kazi ya mshenga ni kusifu, na mtu yule hajawahi kuacha nafasi ya kusifu ipite.

"Mwenyewe! Kwa mikono yake," akasema. "Fundi alitaka kumpa ushauri, akamkatalia. Kijana anajiamini. Wala hakuhitaji kupakia mzigo ndipo apime. Aliweka ngumi tu, akajua."

(Hayo yote nilimwambia mimi mwenyewe, njiani, kwa majivuno.)

Halafu nikamsikia Mzee Yoramu anasogeza kiti.

"Wageni mtaniwia radhi, tusimame kidogo," akasema. "Siwezi kuzungumza habari za binti yangu huku nasikia mafuta yanadondoka."

Ni kweli yalikuwa yanadondoka. Mimi niliyekuwa nimesimama palepale sikuyasikia.

Akatoka. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, nikaiona ncha ya bahasha. Akanipita, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jeki, boksi la spana, mkeka uliochakaa na kipande kirefu cha tairi la lori. Akatandika mkeka upande wa gurudumu la kushoto. Akalala. Kisha mkono mmoja ukatokea chini ya gari ukapapasa nafasi iliyobaki kwenye mkeka.

"Dereva, njoo."

Nikavua koti? Sikuvua. Nilikuwa nimeshachanganyikiwa. Nikalala nilivyo, na tone la kwanza la mafuta likanidondokea kwenye kola.

Shokapu ya kushoto ilikuwa inaning'inia, mafuta yanavuja. Ya kulia ilikuwa bado nzima. Mzee Yoramu akaiangalia hiyo ya kulia, halafu akaita kwa sauti, "Mshenga! Waambie watu wako wapande gari kama walivyokuja. Na mchele urudishwe."

Nikasikia mashauriano. Kisha nikaona miguu. Viatu vya Baba Mdogo Elia vikapotea juu, vikafuata vya wengine, stuli ikaletwa kwa ajili ya Shangazi Perisi. Gari likashuka. Mzee Yoramu hakuridhika.

"Bado. Na wa kwetu wapande. Mama Neema. Na wewe Neema, unayechungulia dirishani, njoo upande."

Kwa desturi mwali hatakiwi hata kuonekana siku hiyo. Nikaona ndala za bluu zinapita jirani na sikio langu, nazijua, nilizinunua mimi. Zikasimama kidogo pale kwenye stuli. Kisha nazo zikapanda, na gari likashuka tena.

Mzee Yoramu akanishika mkono, akanipeleka kidole kwenye fimbo ya shokapu ya kulia.

"Pima."

Pale palipokuwa na nafasi ya ngumi nzima sasa palikuwa na nafasi ya kidole kimoja, na chembamba. Gari limesimama tu. Nikaitazama stopa. Raba ilikuwa juu kule, bado mbali na ekseli. Ilikuwa haina habari.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Sasa hapo ongeza shimo la barabarani." Akauachia mkono wangu. "Dereva, huyu bosi wako alipima gari ikiwa na mzigo?"

"Tupu, mzee."

"Kwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Amesoma?"

"Ana digrii."

"Ya nini?"

Nikatafuta namna nyingine ya kulisema, sikuipata. "Ya upimaji, mzee."

Hakucheka. Nilitamani acheke. Alichukua jeki, akawaambia watu washuke, akaanza kulinyanyua gari kwenye chesesi. Akakata tairi kwa kisu, vipande vinne vya ukubwa wa kiganja, akavitoboa, akavipanga viwili viwili chini ya kila stopa na kuvikaza kwa bolti ndefu. Kazi alifanya polepole, bila kuniangalia. Mimi nilikuwa nampa spana. Kumi na nne. Kumi na saba. Alipokuwa anakaza ile ya pili akauliza tena.

"Kuna fundi alimshauri, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Alimshauri vizuri?"

"Vizuri kabisa. Alimwambia ashushe stopa, na apime na mzigo."

"Sasa mtu asiyemsikia fundi atamsikia mke?"

Wadau, nililala pale nikitazama tumbo la gari langu mwenyewe. Kama muoaji nilikuwa na majibu mengi. Kama dereva nilikuwa na moja tu, la kweli.

"Mzee, nadhani hakuwa anataka kumdharau fundi. Alitaka gari lionekane refu."

"Lionekane na nani?"

"Na wewe."

Spana ikasimama. Nikasikia kuku wanaparura nyuma ya nyumba, na Shangazi Perisi anaomba maji. Nilijua nimeharibu. Nikaona bora niharibu mpaka mwisho.

"Amekuwa akikuogopa tangu mwaka juzi," nikasema. "Ulimrudishia mwenzake barua. Akaona hana cha kukuonyesha, akanyanyua gari."

Mzee Yoramu akajifuta mikono kwenye mkeka.

"Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni," akasema, "nikausikia ule mlio kule korongoni. Chuma kwa chuma. Nimeendesha malori miaka mingi, mlio huo siukosei. Urefu wa gari sikuuangalia hata kidogo. Niliwaza siku moja Neema atakuwemo humo ndani, na mtoto pengine, na mwenye gari ameongeza sauti ya redio."

(Habari ya redio hakuna aliyemwambia. Niliapa moyoni kwamba sitamdanganya mtu huyu maisha yangu yote.)

Nilisikia aibu, aibu ya kweli, siyo ile ya kuchekwa. Nilikuwa nimelipima gari lile nikiwa peke yangu uani, na kwa mawazo yangu hakukuwa na mtu mwingine ndani yake.

Akachukua uzi mweusi mfukoni, akaufunga kwenye fimbo ya shokapu ya kulia, chini kabisa, uonyeshe shokapu itafika wapi. Akashusha jeki. Akanielekeza nitoke, naye akatoka, akawaambia watu wapande tena, wote, wa kwao na wa kwetu. "Mkishakaa, mtikisike kidogo. Kidogo tu."

Wakatikisika. Mzee Shabani na kanzu yake, ameshika bomba lililo nyuma ya kichwa cha gari. Mama Neema amegeukia upande mwingine ili asinione, nami nimegeukia upande mwingine ili nisimwone. Neema amekaa kwenye gunia la mchele, amejifunika kanga mdomoni, mabega yanamtetemeka, na siyo kwa kulia. Ekseli ikapanda, ikagota kwenye raba za tairi, dup, sauti laini. Ikarudi. Dup.

Mzee Yoramu akanituma chini nikausome uzi. Uzi ulikuwa umesukumwa juu na kuishia vidole viwili kabla ya mwisho.

"Vidole viwili, mzee," nikasema kutoka kule chini.

"Rudia kupima."

Nikarudia. "Viwili."

"Basi itawafikisha. Mwendo wa pole, shokapu moja inatosha kwa leo." Nikatoka. Suti ilikuwa nyeusi zaidi ya nilivyoinunua, na vumbi la uwanja lilikuwa limeyapata mafuta likayapenda.

Watu walikuwa bado juu ya gari, wanasubiri kuambiwa washuke. Mzee Yoramu akanawa mikono kwa mchanga na maji, akaikung'uta, akatoa barua kutoka mfukoni. Bahasha ilikuwa na alama ya kidole chake, ya mafuta. Haikuwa imefunguliwa. Akamnyooshea Mzee Shabani pale juu alipokaa.

"Mshenga, chukua barua yenu."

Neema alishusha kanga. Mama Neema akasema, "Baba Neema."

"Huyu mwenye vipimo, aliyeko kazini mjini, simtaki," akasema Mzee Yoramu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeagiza chumvi. "Mwambieni hivyo, na mwambieni asinikasirikie. Mtu anayejipimia peke yake sina la kumwambia."

Mzee Shabani akapokea barua. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na neno.

"Lakini huyu dereva wenu," Mzee Yoramu akaendelea, bado hanitazami, "nimelala naye chini ya gari saa nzima. Nimemuuliza, amenijibu. Hata yale ya kumvua nguo bosi wake hakunificha. Ameambiwa apime, akapima, akaambiwa arudie, akarudia. Kama hana mke, na kama ana wazee wa kumsemea, leteni barua kwa jina lake. Jumamosi ijayo nitakuwepo nyumbani, na hiyo nitaifungua."

Mzee Shabani akanitazama, akamtazama Mzee Yoramu, akanitazama tena, na nikaona ulimi wake unarudi taratibu.

"Dereva," akasema, "una mke?"

"Sina, mzee."

"Una wazee wa kukusemea?"

Kabla sijajibu Shangazi Perisi alishanyanyua mkono kule juu, na Baba Mdogo Elia naye, na wale wanne wote, kama wanafunzi wanaojua jibu. Mama Neema akapiga kigelegele. Neema akasimama juu ya gunia, akamwambia baba yake, "Huyo dereva nilikuwa nimeshamwona," na hapo Mzee Yoramu ndipo alipocheka. Ana meno mazuri. Sikuwa najua.

Tumerudi kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, saa nne nzima, korongo tumelivuka watu wote wakiwa wameshuka wanatembea kwa miguu, na Mzee Shabani ametangulia mbele akiniongoza kwa bahasha. Jumatatu nakwenda kwa Fundi Manase, na nitaanza na shikamoo ingawa nimemzidi umri. Nimeambiwa hotuba ya Jumamosi itakuwa fupi. Mimi nimeambiwa nisivae suti.

Sasa nakaa kuandika barua upya. Anayetaka kucheka amcheke mwenye gari, yuko kazini mjini. Dereva mniachie, anaoa.